Noah ya viti vinane baada ya miaka mitatu Mtwara: viti, mafuta na moshi

Gari ninalolitathmini hapa ni Toyota Noah ya mwaka 2009, yenye injini ya cc 1,986 na viti vinane, inayovutwa na magurudumu ya mbele. Ilikuja nchini kutoka Japani ikiwa imekwisha kutumika huko, na familia yangu ya watu saba imekuwa ikiitumia kwa miaka mitatu sasa: sokoni na kwenye shughuli hapa Mtwara mjini, Newala kwa wakwe karibu kila mwezi, na Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka. Ningeweza kuandika juu ya vipuri na mafuta tu, kama wengi wanavyofanya, lakini binti yangu wa kidato cha pili alirudi nyumbani siku moja kutoka kwenye kipindi cha jiografia, akasimama nyuma ya gari wakati naliwasha, akaniuliza kama hili ndilo lile gari kubwa ambalo mwalimu amesema linaipasha dunia joto. Nilimjibu upesi upesi kwamba magari yanayosemwa ni ya Ulaya na Marekani. Jibu hilo halikuniridhisha hata mimi mwenyewe, na sehemu kubwa ya tathmini hii ni jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile.

Kabla ya Noah tulikuwa na gari dogo la cc 1,300, jepesi, lisilokula mafuta, zuri kwa kila jambo isipokuwa kutubeba. Mimi, mke wangu, watoto wanne na mama yangu mzazi hatukuweza kuenea humo bila kupakatana, na kupakatana barabarani ni kumtafuta askari wa usalama kwa makusudi, achilia mbali hatari yake. Basi ikiwa kuna harusi au msiba Mikindani, umbali wa kilomita kumi hivi, nilipeleka kundi la kwanza, nikarudi peke yangu, nikapeleka kundi la pili, na wakati wa kurudi hesabu ikawa ile ile. Shughuli moja ilinitoa kilomita sitini barabarani badala ya ishirini. Gari lililokuwa likisifiwa kwa kubana matumizi lilikuwa linachoma lita nne na ziada, ambapo Noah yenye kiu zaidi ingechoma lita mbili na nusu kwa shughuli hiyo hiyo. Sikuliona jambo hili wakati ule, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye kilomita kwa lita, na hesabu ya watu kwa safari haikunijia kabisa.

Kwa ndani, Noah imepangwa na mtu aliyewahi kusafiri na watoto. Milango ya nyuma ni ya kusukuma kwa pembeni, kwa hiyo mtoto hawezi kuubamiza mlango kwenye bajaji iliyoegeshwa jirani, na pale sokoni Feri, ambako magari yanabanana kama dagaa, mama yangu hushuka bila kuhitaji nafasi ya mlango kufunguka kwa nje. Sakafu iko chini, hivyo mzee mwenye magoti yanayouma huingia kwa kupiga hatua moja, wala halazimiki kupanda kama anayepanda dari. Safu ya kati huteleza mbele na nyuma. Safu ya mwisho hukunjwa ikabanwa ukutani, upande huu na upande huu, na hapo hupatikana uwanja wa kuweka magunia mawili ya mihogo mikavu, ndoo za samaki na begi la kila mtoto. Tatizo ni pale safu zote tatu zinapokaliwa, maana buti hubaki ufa tu, na safari ya Dar es Salaam ya watu saba hulazimu mizigo ifungwe juu ya keria, jambo linaloongeza ulaji wa mafuta kwa sababu gari lenyewe tayari lina umbo la sanduku linalopigana na upepo. Watu wazima watatu katika safu ya mwisho watalalamika kabla ya kufika Mingoyo. Watoto watatu wanafika Somanga, mbali zaidi kwenye njia hiyo hiyo ya Dar es Salaam, wakiwa wamelala.

Kuhusu mafuta, nilinunua daftari la shule, nikaliweka kwenye droo ya dashibodi, na kwa mwaka mzima nilifanya jambo moja: kila ninapofika sheli, tangi hujazwa hadi pampu inajikata, naandika lita na namba za kilomita, kisha nagawanya. Wahudumu wa pampu walinizoea, hata mmoja akawa ananisomea lita kabla sijauliza. Ndani ya mji, pamoja na kusimama, kugeuka na kiyoyozi cha mwezi wa Novemba ambacho hakina mjadala katika joto la Mtwara, gari lilinipa kilomita nane na nusu kwa lita. Barabara kuu ya lami, mwendo wa themanini hadi tisini, lilinipa kilomita 11, na lilipokuwa tupu bila keria likafika 12. Tangi ni la lita 60, kwa hiyo mtu anayeondoka Mtwara na tangi lililojaa anaweza kuifikia Dar es Salaam, kilomita 560 hivi, bila kuongeza, ingawa mimi huongeza kidogo Nangurukuru ili moyo utulie.

Sasa moshi. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, ile inayoipasha dunia joto, na hakuna ufundi wa fundi yeyote unaoweza kuipunguza hesabu hiyo, kwa kuwa kaboni iliyomo kwenye mafuta lazima itoke. Safari ya Dar es Salaam kwa kilomita 11 kwa lita ni lita 51, sawa na kilo 117 za hewa ukaa kwa njia moja. Kwa watu saba, kila mmoja anabeba karibu kilo 17. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita lingetoa kilo 86 kwa safari hiyo hiyo, lakini likiwa na watu wawili, kama nionavyo mengi yakiwa, kila mmoja anabeba kilo 43. Familia yangu ikisafiri kwa magari mawili ya namna hiyo ingetoa kilo 172. Kwa uaminifu ni lazima niseme pia kwamba basi linatushinda wote: basi kubwa la dizeli linalokwenda kilomita tatu kwa lita, likiwa limejaa abiria 50, humtwika kila abiria kilo kumi tu hivi, na mizigo yake juu yake. Anayetaka kweli kupunguza moshi wa safari ndefu akate tiketi ya basi. Sisi hatukati, kwa sababu tukifika Dar es Salaam tunahitaji kuzungukia ndugu walioko Mbagala, Tegeta na Gongo la Mboto, na nauli za watu saba kwenda na kurudi zinazidi mafuta ya gari. Sababu ya pili ina nguvu kuliko ya kwanza.

Huko kunakotoka mjadala huu, hoja yenyewe haielekezwi hasa kwa magari kama Noah. Shirika la Kimataifa la Nishati limeeleza kwamba mwaka 2023 magari ya aina ya SUV, yale marefu yenye boneti ya juu na matairi manene, yalikuwa asilimia 48 ya magari yote mapya yaliyouzwa duniani, na kwamba yana uzito wa kilo 200 hadi 300 zaidi ya gari la wastani na hutoa hewa ukaa zaidi kwa takriban asilimia 20. Paris ilipiga kura tarehe 4 Februari 2024 kupandisha mara tatu ada ya kuegesha magari mazito ya wageni wa jiji, na katikati ya jiji ada hiyo ikawa euro 18 kwa saa. Kigezo walichotumia kilikuwa uzito: tani 1.6 kwenda juu kwa magari ya mafuta na haibridi (yenye injini na mota ya umeme pamoja), tani mbili kwa ya umeme. Idadi ya viti haikuguswa. Wingi wa SUV hizo zina viti vitano tu, sawa na kile kigari changu cha zamani, ila kimevikwa koti zito.

Hapa kwetu koti hilo linaitwa heshima. Mtu akipata fedha za korosho au akipanda cheo, anachotafuta ni Prado, na ukimuuliza sababu atakutajia barabara. Sababu hiyo ina ukweli wake. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala kwa miaka mingi ilikuwa vumbi na mchanga, lami ikatangulia kwenye kilomita 50 za kwanza hadi Mnivata, na vipande vilivyofuata vikaleta michepuko ambayo gari la chini huipita kwa kunong'ona. Noah ina tumbo la chini. Lakini ninapohesabu kilomita zangu za mwaka mzima katika daftari, kilomita zisizo za lami au za changarawe iliyoshindiliwa hazifiki moja kati ya kumi, na kununua gari la tani mbili, lenye injini ya cc 2,700, kwa ajili ya sehemu hiyo ni sawa na kununua jahazi kwa sababu mara moja kwa mwaka unavuka kwenda Msangamkuu kwa mtumbwi.

Siku ambayo moja kati ya kumi hiyo ilinipata ninaikumbuka vizuri. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, msimu wa korosho, na mama mkwe aliomba tupite shambani kwake kuchukua magunia kabla ya kurudi Newala mjini. Njia ya shamba ni mchanga mwekundu wa uwanda wa Makonde, laini kama unga uliochekechwa, na mimi, kwa kiburi cha mtu ambaye amewahi kupita hapo wakati wa mvua, niliingia na watu sita ndani na magunia matatu nyuma. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele likibebeshwa mzigo nyuma, pua yake huwa nyepesi. Magurudumu yalizunguka mara tatu, yakachimba, bampa likalala juu ya mchanga. Nilikuwa bado nakanyaga mafuta niliposikia sauti ya mama mkwe nyuma yangu: "Mkwe, zima kwanza. Shukeni wote, gari haliendi kwa dua peke yake." Tulishusha magunia, tukapunguza upepo wa matairi ya mbele hadi yakaonekana kama yamepata pancha, tukakata matawi makavu ya mkorosho na kuyatandika mbele ya magurudumu, na vijana wanne waliokuwa wakiokota korosho shamba la jirani wakasukuma kwa bei ya soda. Ilichukua dakika arobaini. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa magunia yale yangeweza kuletwa barabarani kwa pikipiki, na tangu siku hiyo ndivyo tunavyofanya.

Ushuru nao una msimamo wake katika jambo hili, ingawa wanunuzi wengi huuona kama adhabu tu. Ushuru wa bidhaa, unaotozwa gari linapoingizwa nchini, hupangwa kwa ukubwa wa injini: kati ya cc 1,001 na 2,000 ni asilimia 5, na kupita hapo ni asilimia 10, kwa hiyo cc 1,986 za Noah zinapita chini ya kamba kwa kuinama kidogo, ambapo Prado hulipa zaidi. Kuna pia tozo ya uchakavu kwa gari lililozidi miaka minane tangu litengenezwe, nalo likizidi miaka kumi hupanda hadi asilimia 30. Nia ya tozo hiyo inaeleweka, yaani kutugeuza tusiwe jalala la moshi wa wengine. Hata hivyo gari jipya nalo hutoa moshi mwingi kabla halijawashwa, katika kuyeyusha chuma na kutengeneza kila kipande chake, na gari ambalo limekwisha kutengenezwa likitunzwa miaka kumi mingine huahirisha moshi huo. Neno lenye uzito hapo ni kutunzwa, na hapo ndipo nina malalamiko, si kwa gari bali kwa baadhi ya tunaowakabidhi.

Mwaka wa kwanza, fundi mmoja wa mjini, ambaye sitamtaja, alimwaga oili ya giaboksi na kuweka ile ya kawaida ya magari ya otomatiki. Noah ya toleo hili ina giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za ngazi bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, nayo inataka oili yake yenyewe. Baada ya wiki mbili gari lilikuwa likitetemeka linapoondoka, injini inapiga kelele lakini mwendo hauji, na ulaji wa mafuta ulipanda, kilomita zikashuka hadi saba kwa lita, kama daftari lilivyoonyesha kabla mimi sijakubali. Oili sahihi iliponunuliwa na kuwekwa mara mbili mfululizo ili kusafisha mabaki, hali ilirudi. Gharama ilikuwa kubwa kuliko ya kulipa oili sahihi mara nne.

Tukio la pili lilikuwa la heshima kidogo zaidi, kwa sababu fundi mwingine aliomba ruhusa kwanza. Alitaka kukata masega. Wasiojua, masega ni lile kopo lililo katikati ya bomba la ekzosi, ambalo ndani yake mna vigae vyenye matundu kama sega la nyuki, vilivyopakwa madini ya thamani kama platinamu na paladiamu, na kazi yake ni kugeuza hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi na nyenginezo ziwe hewa isiyodhuru sana kabla ya kutoka nje. Kwa sababu ya madini hayo kopo hilo lina soko, na mwenye gari huambiwa kwamba likitolewa gari litakuwa jepesi na atabaki na fedha mkononi. Gari lisilo na masega halichomi mafuta kidogo kwa kiwango cha maana, bali linamwaga sumu yake yote kwenye pua za watoto wanaosubiri kuvuka barabara nyuma yake. Ukinusa moshi mkali unaochoma macho kutoka kwenye gari ambalo halina hitilafu nyingine, sababu mara nyingi ni hiyo. Kwangu mimi, Noah yenye masega yake ni gari safi kuliko kigari cha cc 1,000 ambacho masega yake yameuzwa, angalau kwa mtu aliyesimama kando ya barabara, hata kama hesabu ya hewa ukaa inasema kinyume.

Wanaoweza kulipa zaidi wana njia nyingine. Tangu mwaka 2014 Noah hutengenezwa pia kwa mfumo wa haibridi, injini ya cc 1,800 ikisaidiwa na mota ya umeme, na vipimo vya Japani vya wakati huo viliipa kilomita 23.8 kwa lita. Barabarani haitafika huko, lakini hata ikitoa theluthi mbili yake inakuwa imeipita yangu kwa mbali. Kinachonizuia, mbali na bei, ni kwamba mjini hapa bado sijamwona fundi ambaye ningemkabidhi betri ile bila kukosa usingizi. Njia ya tatu ni gesi asilia iliyoshindiliwa kwenye mitungi, na hapa ndipo mkazi wa Mtwara hucheka kwa upande mmoja wa mdomo, kwa maana gesi yenyewe hutoka Ghuba ya Mnazi na Songo Songo, na bomba lililokamilika mwaka 2015 huianzisha safari Madimba na kuifikisha Kinyerezi, Dar es Salaam, na ni madereva wa jiji hilo wanaopanga foleni kujaza mitungi. Gesi hutoa hewa ukaa pungufu kuliko petroli, kwa kadiri ya robo hivi. Siku nitakapoweza kujaza mtungi bila kufunga safari ya Dar es Salaam, nitaufunga hata kama utanimezea nusu ya buti.

Yote hayo yalinirudisha kwenye daftari, na daftari lilinionyesha jambo ambalo sikulitarajia. Safari zetu ndefu, zile nilizokuwa nikijitetea juu yake, hazikuwa mzigo mkubwa kama nilivyodhani. Kutoka nyumbani hadi ofisini kwangu Shangani ni kilomita nne. Kwa mwaka wa kwanza nilikwenda na kurudi kila siku ya kazi kwa Noah, peke yangu, viti saba vikiwa vitupu kando na nyuma yangu kama ukumbi ambao wageni hawakufika. Kilomita 40 kwa wiki, lita tano, ni zaidi ya kilo 11 za hewa ukaa, na kwa wiki 48 za kazi ni kilo 550 na ushei. Hizo ni nyingi kuliko safari mbili kamili za Dar es Salaam, kwenda na kurudi, za familia nzima. Na ni hesabu ya huruma, kwani injini baridi kwa safari fupi hula zaidi. Kwa bei ya petroli iliyokuwa ikicheza karibu na shilingi 3,000 wakati ule, nilikuwa nikichoma shilingi 15,000 kila wiki ili kusafirisha begi moja na mtu mmoja mwenye miguu mizima. Sasa asubuhi natembea nusu ya njia na kupanda bajaji kwa nusu iliyobaki, Noah inabaki nyumbani chini ya mwembe, na mke wangu anasema nimepungua kitambi, jambo ambalo sijalipima.

Mwezi Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, mabasi na malori yalilala njiani, na bidhaa zikaanza kuadimika huku kwetu. Sisemi kwamba Noah yangu ndiyo iliyokileta kimbunga kile, na Afrika nzima hutoa sehemu ndogo sana ya hewa ukaa ya dunia. Ila niliona kwamba lile jibu nililompa binti yangu, la kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani, lilikuwa nusu tu. Moshi mwingi ni wao, lakini daraja lililokatika ni letu.

Basi kwa familia ya watu sita hadi wanane wanaosafiri pamoja kweli, wanaoishi kwenye lami na kutoka nje yake mara chache, Noah ni chaguo ninalolitetea bila kuinamisha kichwa, na ninaipa alama nane kati ya kumi. Moja nimeikata kwa tumbo la chini, nyingine kwa buti linalopotea. Kwa mtu mwenye watoto wawili anayeitaka kwa sababu ya ukubwa wake tu, ningemwambia atafute gari la cc 1,500 na siku za shughuli akodi Noah yenye dereva. Ni nafuu na haina tozo ya uchakavu. Anayenunua iliyokwisha kutumika nchini asiridhike na rangi iliyong'arishwa. Aliwashe likiwa baridi, aweke gia ya D na asikilize kama linatetemeka linapoondoka, avute kijiti cha oili ya giaboksi na kuinusa kama imeungua, kisha alale chini na tochi ya simu kuufuata mrija wa ekzosi kutoka mbele. Akikuta kipande cha bomba jipya lililochomelewa pale ambapo palikuwa na kopo la masega, na aulize fedha za kopo zilikwenda wapi, na azitoe kwenye bei.